L1, neureksini, kadherini au protokadherini: ipi inafaa memwari yako?

"Yaya, nikamate gani?" Swali hilo nalisikia kila mwaka mlangoni, wakati wanafunzi wa udaktari hapa Lubumbashi wanapotakiwa kuleta kichwa cha memwari, yaani kazi ya utafiti ya kumalizia masomo. Aliyekuja juzi alikuwa na daftari lililojaa majina: kadherini, NCAM, L1, neureksini, neuroligini, protokadherini, Dscam. Alikuwa amesoma usiku kucha kwenye simu, umeme ukiwa umekatika mtaani kwao. Alichoambulia ni kwamba molekuli za mshikamano, protini ambazo seli hushikana kwazo, "zinasaidia kuunganisha ubongo unaokua". Hilo ni kweli kwa zote, kwa hiyo halimsaidii mtu kuchagua.

Nilimjibu kwa mdomo, saa nzima. Hapa naandika jibu lilelile kwa utulivu zaidi, kwa ajili yake na wengine watakaokuja. Nitazilinganisha familia nne, nami sitaficha ninayoipenda.

Neno gundi liwekwe kando kwanza

Ukisikia mshikamano, akili inakwenda moja kwa moja kwenye gundi: seli mbili zimebandikana, basi. Memwari nyingi zinaanzia hapo na kukwama hapo. Protini hizi zimekaa kwenye utando wa seli, sehemu moja nje na sehemu moja ndani. Ile ya nje inampapasa jirani. Ile ya ndani inapeleka habari kwenye mifupa midogo ya seli, nyuzi za aktini, ambazo ndizo zinazoisukuma seli au kuizuia. Kwa hiyo zikishikana, seli inajua imemgusa nani, kisha inaamua ikae, isonge, ifuatane na mwenzake au ijitenge.

Chukua kijana anayefika hapa kwa mara ya kwanza kutoka Kolwezi, anamtafuta mjomba wake katika mtaa wa Katuba. Hana ramani. Anauliza kila kona, anamfuata mama mmoja anayeelekea upande huohuo, anaachana naye barabarani, anatambua geti aliloelezwa, anabisha, anaingia. Uzi wa neva, aksoni, nao unasafiri hivyo. Ncha yake ina kitu kama kiganja chenye vidole vinavyonyooka na kukunjika. Ramón y Cajal alikieleza mwaka 1890 na kukiita koni ya ukuaji, akiwa ameangalia vipande vya tishu iliyokufa tu, bila kuona chochote kikitembea. Kila kidole cha koni hiyo kina molekuli za mshikamano, na kila kona kiganja kinasalimiana na kilichopo.

Kwamba nyuzi zinajua zinakokwenda tulijifunza kwa chura. Roger Sperry, katika miaka ya 1940, alikata neva ya jicho la chura na kuligeuza jicho juu chini. Neva ikaota tena, ikarudi kwenye nafasi zake za zamani ubongoni kana kwamba jicho halijageuzwa. Chura akaona nzi yuko juu, akarusha ulimi chini, na hakujirekebisha kamwe. Mwaka 1963 Sperry aliandika kwamba lazima kuna alama za kikemia zinazotambuana. Molekuli tunazolinganisha ni sehemu ya alama hizo. Nasema sehemu, kwa sababu kuna pia netrini, semaforini na efrini, na aliye na hamu nazo anahitaji ulinganisho mwingine.

Kadherini: nzuri kwa mtihani, ngumu kwa memwari

Hii nitaipita haraka. Kadherini zinashikana kadherini kwa kadherini, za aina moja zikipendelea za aina yao, na zinahitaji kalisiamu. Masatoshi Takeichi wa Japani ndiye aliyeziweka wazi. Mfereji wa neva unapojitenga na ngozi ya kiinitete, ambao kwa binadamu hufunga karibu siku ya 28, seli zake zinaacha kadherini E na kuvaa kadherini N. Ni kama kundi linalobadilisha sare: wenye sare mpya wanabaki pamoja, wenye ya zamani wanabaki na ngozi.

Ukitaka kumwonyesha mtu umuhimu wa kalisiamu hapo, kashike tubu ya damu yenye kifuniko cha zambarau, ile tunayoitumia kila siku kwa hesabu ya chembe za damu. Ndani yake mna EDTA, inayokamata kalisiamu ili damu isigande. Dawa hiyohiyo ndiyo wanayomwagia seli maabara wanapotaka ziachiane. Kadherini bila kalisiamu inalegea, seli zinaachana. Mwanafunzi akishayaona hayo mawili pamoja hasahau tena.

Tatizo ni kwamba kadherini ziko kila mahali mwilini, kuanzia utumbo hadi moyo. Ukiandika juu yake utaandika juu ya kila kitu. Najua pia mtego wa mji wetu: seli za maabara zikiwekewa kadimi, metali yenye sumu, viungo vya kadherini E vinalegea, na sisi tunaishi kando ya migodi na tanuri. Kutoka kwenye seli za kisahani hadi kwenye ubongo wa mtoto wa Lubumbashi ni safari ndefu, na memwari ya mwaka mmoja haiwezi kuivuka. Usiahidi usichoweza kupima.

L1 na dada yake NCAM: ninakokupeleka mimi

NCAM ilitangulia. Gerald Edelman, aliyekuwa amepata Nobel mwaka 1972 kwa kueleza umbo la antibodi, aligeukia ubongo, na katika miaka ya 1970 yeye na wenzake wakaitenga molekuli hiyo kutoka kwa kifaranga. Baadaye ikaonekana kwamba imejengwa kwa vipande vinavyofanana na vya antibodi. Familia ya imunoglobulini, ndiyo hiyo ya antibodi, kumbe ina kazi mbili, kumtambua adui damuni na kumtambua jirani ubongoni.

Na NCAM ndiyo inayolivunja lile wazo la gundi. Katika kiinitete huwa imevaa mkia mrefu wa sukari, asidi ya polisiali, unaojaa maji na kuzisukuma seli mbalimbali. Molekuli ya mshikamano imevaa koti la kuzuia mshikamano! Ubongo mchanga unahitaji seli zinazoweza kupita. Ukishakomaa, koti linavuliwa sehemu nyingi, nyuzi zinatulia. Lakini panya waliozaliwa bila NCAM kabisa wanaishi na kuzaa. Balbu yao ya kunusia ni ndogo na wana shida ya kujifunza njia. Ukiichagua NCAM, itakubidi ueleze kwa nini kiungo muhimu kiasi hicho kikikosekana mnyama hafi, na jibu ni kwamba zipo nyingine zinazoshika nafasi yake.

L1 haisamehe hivyo. Kazi yake kubwa ni kuzifanya aksoni zisafiri kwa mafungu, kama abiria wanaoshikana mikono wasipotezane kwenye soko la Kenya hapa mjini. Mafungu mawili yanaitegemea hasa: kalosumu, lile daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo, na njia ya piramidi inayotoka gamba la ubongo kwenda uti wa mgongo kuamuru mikono na miguu. Jeni yake iko kwenye kromosomu X. Mama anaweza kuibeba ikiwa na kasoro, mwenyewe akiwa mzima, mtoto wa kiume akaipata na kuugua. Kiungo kati ya jeni hii na ugonjwa kilithibitishwa mwaka 1992.

Nieleze nilichokiona mwenyewe, miaka kadhaa sasa. Mama aliletwa na dada yake, amebeba mtoto wa kiume wa miezi miwili. Kichwa kilikuwa kikubwa, fontaneli, ile sehemu laini ya utosi, imejaa na kunyanyuka, macho yameelemea chini. Nilipitisha utepe wa kupimia kichwani, juu ya nyusi hadi kwenye kisogo, nikaandika namba. Kisha nikamfungua mkono. Kidole gumba kilikuwa kimelala ndani ya kiganja, vidole vinne juu yake. Watoto wachanga wote hukunja ngumi, hilo si ajabu. Lakini hiki nilipokinyoosha kilirudi palepale, na mkono wa pili vilevile. Nikamwuliza mama kuhusu watoto wengine. Wasichana wawili wazima, mvulana mmoja aliyefariki "kwa kichwa". Na kaka yake mama naye, akasema kwa sauti ndogo, alikuwa vilevile.

Kipimo cha jeni hatukukipata. Siwezi kuandika kwamba ilikuwa L1. Lakini maji kichwani, gumba lililolala kiganjani na ugonjwa unaowachagua wavulana wa upande wa mama ndiyo picha inayofundishwa, na mwanafunzi aliyekuwa nami siku ile aliielewa njia ya piramidi kuliko alivyoielewa katika mwaka mzima wa anatomia. Miguu ya watoto hawa hukakamaa kwa sababu fungu lile lililopaswa kushuka hadi uti wa mgongo ni jembamba au halikufika. Kwenye picha za ubongo kalosumu huonekana nyembamba au haipo.

Tahadhari ni mbili. Ya kwanza, ugonjwa huu ni nadra, takriban mvulana 1 kati ya 30,000. Watoto wengi wenye maji kichwani katika ukanda wetu wameyapata baada ya maambukizi ya uchangani, au pamoja na mgongo wazi. Ripoti ya mwaka 2005 kutoka Mbale, Uganda, ilikuta maambukizi katika zaidi ya nusu ya watoto waliotibiwa. Anayeandika kila kichwa kikubwa kuwa ni L1 anadanganya familia. Ya pili, gumba peke yake halitoshi. Karibu nusu ya wavulana wenye ugonjwa huu hawana dalili hiyo kwa uwazi.

Halafu kuna pombe. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kwamba kwenye seli zilizopandikizwa L1 ya binadamu, pombe inazuia seli kushikana, tena kwa kiasi kinachofikiwa damuni baada ya kinywaji kimoja tu. Zaidi ya hapo, watoto waliodhurika na pombe tumboni na watoto wa L1 wanafanana kwa mambo kadhaa, kama kalosumu iliyopungua. Pombe ina njia nyingine nyingi za kumdhuru mtoto, kwa hiyo L1 si maelezo yote. Lakini mji huu unakunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, na wapo akina mama wajawazito wanaopewa glasi "ya kuongeza nguvu". Hakuna ushahidi wa maabara ninaoupenda kuusimulia kliniki ya wajawazito kama huo, kwa sababu mama anauelewa papo hapo: nyuzi za mtoto zinashikana mikono gizani, na lutuku inawaachanisha.

Neureksini na neuroligini: maarufu, na inahitaji mwandishi mwangalifu

Kijana wetu amefika getini. Sasa kubisha na kufunguliwa ni kazi ya kundi jingine. Neureksini inakaa upande wa aksoni, neuroligini upande wa seli inayopokea, na mikono yao inakutana katikati ya ufa wa sinapsi, pale seli mbili za neva zinapopeana ujumbe. Tofauti na kadherini, hapa mwenye sare hamtafuti mwenye sare yake. Mkono wa kulia unatafuta wa kushoto.

Historia yake inavutia. Neureksini ilipatikana mwaka 1992 na kundi la Thomas Südhof kwa kufuata sumu ya buibui aitwaye mjane mweusi. Sumu hiyo inazifanya neva zimwage kemikali zake zote kwa pamoja, nao wakauliza inashika wapi. Neuroligini ikafuata mwaka 1995. Mwaka 2000 likafanyika jaribio ninalolipenda kuliko yote ya somo hili: wakachukua seli ya kawaida isiyo ya neva, wakaipa neuroligini, wakaiweka karibu na aksoni. Aksoni zikaanza kujenga upande wao wa sinapsi juu yake, na vifuko vya kemikali vikakusanyika hapo. Zilikuwa zimepewa mkono tu, bila mwili wa neuroni (seli ya neva), zikafungua duka.

Ndiyo maana vitabu vikaandika kwamba neuroligini "inajenga sinapsi". Kisha mwaka 2006 wakazaliwa panya wasio na neuroligini tatu. Walikufa mara baada ya kuzaliwa kwa kushindwa kupumua, lakini sinapsi zao zilikuwepo, kwa idadi ya karibu kawaida. Kilichokosekana ni kazi. Sinapsi za kwenye shina la ubongo zinazoongoza pumzi hazikupitisha ujumbe ipasavyo. Kwa hiyo sema kwamba zinaikomaza sinapsi na kuipa tabia yake, usiseme zinaizaa. Mjumbe wa jopo aliyesoma atakukamata hapohapo kwenye utetezi.

Upande wa wagonjwa, mwaka 2003 mabadiliko ya jeni za neuroligini 3 na 4 yalielezwa kwa ndugu wenye usonji, na kupotea kwa kipande cha jeni ya neureksini 1 kumeonekana kwa baadhi ya watu wenye usonji na wenye skizofrenia. Lakini familia hizo ni chache mno kati ya wote wenye usonji, na wapo wanaobeba kipande hicho kilichopotea bila ugonjwa wowote. Hapa kwetu mtoto wa usonji anaitwa kiziwi, mkaidi, au anapelekwa kuombewa. Ukichukua kichwa hiki, kazi yenye maana ni kuwatambua watoto hao mapema. Neureksini itakuwa sura ya utangulizi. Mwili wa kazi yako utakuwa maswali unayowauliza wazazi. Ukikubali hivyo, chukua.

Protokadherini na Dscam: kwa anayependa hesabu

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na ambalo wengi hawalifikirii. Neuroni ina matawi mamia. Matawi hayo yanagusana yenyewe kwa yenyewe kila wakati. Inajuaje kwamba huyu niliyemgusa ni mimi mwenyewe, nisifanye naye sinapsi?

Nzi wa matunda amelijibu kwa jeni moja, Dscam1. Jeni hiyo ina sehemu nne za kuchagua: ya kwanza ina chaguo 12, ya pili 48, ya tatu 33, ya nne 2. Zidisha: 12 mara 48 ni 576, mara 33 ni 19,008, mara 2 ni 38,016. Aina 38,016 za protini kutoka jeni moja, na kila neuroni inachukua chache kwa bahati, kama mtu anayetia mkono kwenye kikapu. Aina moja inashikana na aina ileile tu. Tawi likikutana na tawi lenye kikapu kilekile, linashika, linagundua ni mwenyewe, na linarudi nyuma. Mshikamano unazaa kujitenga. Wingi huo wa aina ulitangazwa mwaka 2000.

Sisi binadamu hatuna mchezo huo kwenye DSCAM yetu. Tunatumia protokadherini, jeni zaidi ya 50 zilizopangwa kwa makundi matatu kwenye kromosomu ya 5, na kila neuroni inawasha mchanganyiko wake. Mwaka 2012, panya walipoondolewa protokadherini 22 za kundi la gama, seli fulani za retina, utando wa ndani ya jicho, zenye umbo la nyota ya fataki zilipoteza mpangilio. Matawi yao yakalundikana na kupandana badala ya kutawanyika.

Kosa ninalolisahihisha kila mwaka liko hapa. DSCAM ya binadamu iko kwenye kromosomu ya 21 na herufi za mwanzo za jina lake zimetoka kwenye sindromu ya Down. Wanafunzi wanachukua 38,016 za nzi na kumbandika mtoto wa Down. Ni vitu viwili mbalimbali.

Ukiwa na kompyuta na intaneti ya kuaminika, na unapenda namba, hapa unaweza kufanya kazi halisi bila friji ya digrii 80 chini ya sifuri. Mfuatano wa jeni hizi uko wazi kwa yeyote. Unaweza kuandika programu ndogo kukokotoa: neuroni mbili zikichukua aina 15 kila moja kwa bahati, uwezekano wa kuchanganyana ni upi? Sijui kichwa kingine cha biolojia ya ubongo kinachomruhusu mwanafunzi wa hapa kupata jibu lake mwenyewe kwa gharama ya vifurushi vya intaneti.

Basi ukamate gani?

Kama umekwishaanza stajy (mazoezi ya hospitali) ya watoto na unaingia chumba cha uzazi, kamata L1. Hutapima jeni, na huna haja ya kujifanya umeipima. Utafungua rejista, utapima vichwa, utafungua mikono, utachora ukoo wa upande wa mama, utatenganisha waliopata maambukizi na wasiopata. Usiidharau kazi ya utepe na rejista. Mwaka 2020 ulitoka utafiti uliofanywa humu Lubumbashi, uliolinganisha watoto waliozaliwa na ulemavu na wasio nao, ukakuta ulemavu unahusiana na baba kufanya kazi za migodini. Haukuhusu molekuli zetu, lakini ulianzia kwenye vyumba vya uzazi hivihivi mnavyovipita kila asubuhi.

Kama hospitali haikuvuti na kompyuta inakuvuta, kamata protokadherini. Neureksini nitaikubali kwa mwanafunzi atakayeniletea kwanza ukurasa mmoja unaoeleza panya wa 2006 kwa maneno yake mwenyewe. Kadherini naishauri kwa mwalimu wa sekondari anayetafuta mfano wa darasani. Ile tubu ya zambarau inamtosha.

Kijana wa juzi amechagua L1. Jana alipita kuazima utepe, nikampa ule wangu, wa kitambaa, namba zake za mwanzo zimefutika kidogo. Nimemwambia apime kila kichwa mara tatu na aandike kipimo kikubwa.